Msitu Mikononi mwa Kijiji: Unavyotunzwa, Unavyotumika na Nafasi ya Kila Mkazi

Msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, umefunika vilima na miteremko yenye ukubwa wa takribani hekta 9,000. Hauna uzio wala lango. Si hifadhi ya taifa, na wala si msitu wa hifadhi wa Serikali Kuu. Ni mali ya vijiji vinane vinavyouzunguka: Ayasanda, Bubu, Duru, Endagwe, Endanachan, Gidas, Hoshan na Riroda. Kila kijiji kina sehemu yake, mipaka yake, kamati yake na sheria ndogo zake.

Utaratibu huu umedumu kwa muda mrefu kiasi kwamba vijana wengi wa leo wameukuta. Anayeukuta jambo likiwa limekwisha kupangwa huliona kuwa la kawaida, na pengine asijue lilipatikana kwa gharama gani wala linaweza kupotea kwa njia gani. Makala haya yanaeleza msingi wa utaratibu huo, mgawanyo wa mamlaka, matumizi yanayowezekana, hifadhi ya wanyamapori na ndege, na haki ambazo mkazi anazo lakini huenda hazitumii.

Tulikotoka

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, mamlaka za misitu zilikusudia kuutangaza Duru-Haitemba kuwa msitu wa hifadhi wa Serikali. Nia ilikuwa njema, kwa sababu miti ilikuwa ikipungua. Matokeo, hata hivyo, yalikwenda kinyume na nia hiyo. Wananchi walipoona mipaka ikipimwa, walielewa kwamba msitu waliouzoea kwa kuni, dawa, asali, malisho na maji ungekuwa wa mwingine. Mtu anayeamini kwamba kesho hataruhusiwa kuokota hata ukuni mmoja hukata mti leo. Uharibifu uliongezeka badala ya kupungua.

Kufikia mwaka 1994 mazungumzo kati ya vijiji, wilaya na wataalamu wa misitu yalifikia uamuzi mwingine. Msitu usingetwaliwa. Kila kijiji kingetambuliwa kuwa msimamizi wa sehemu iliyo katika ardhi yake, kwa sharti kwamba kiweke mpango, kichague watu wa kuusimamia na kuonesha kwamba kinaweza. Vijiji vikakubaliana mipaka kati yao, vikaorodhesha yanayoruhusiwa na yanayokatazwa, vikateua vijana wa doria. Sheria ndogo zikafuata ili maamuzi hayo yawe na nguvu mbele ya mahakama.

Jambo hilo halikubaki Babati. Mgori, mkoani Singida, ulifuata njia hiyo muda mfupi baadaye. Wilayani Kiteto, vijiji vya kata za Sunya, Lengatei na Dongo viliunganisha nguvu katika msitu unaojulikana kwa kifupi kama SULEDO, na mwaka 2002 jamii hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ziliingiza usimamizi wa namna hii katika utaratibu wa nchi nzima. Kwa hiyo mkazi wa vijiji hivi anaposhika jembe kwenda kusafisha mpaka wa msitu, anaendeleza jambo ambalo taifa lilijifunza sehemu yake hapa.

Ni jambo kubwa pia kwa kipimo cha nchi. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu ilionesha kuwa Tanzania Bara ina takribani hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake ipo katika ardhi za vijiji. Nusu hiyo haiwezi kulindwa na askari wa Serikali peke yao. Ama italindwa na wanaoishi kando yake, ama haitalindwa.

Nani ana mamlaka gani

Chanzo cha mamlaka ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Ndio unaoamua kutenga msitu, unaoipitisha mipango na unaoichagua Kamati ya Maliasili ya Kijiji, na sheria inataka uwiano wa wanawake na wanaume uzingatiwe katika uchaguzi huo. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ndiyo inayotekeleza maamuzi ya mkutano huo. Kamati ya Maliasili hufanya kazi za kila siku: doria, vibali, kumbukumbu, kusafisha mipaka na kupokea taarifa.

Ni muhimu kutofautisha kumiliki na kusimamia. Kamati haimiliki msitu. Mwenyekiti wa kijiji haumiliki pia. Mtu aliyepewa ufunguo wa ghala hajapewa nafaka iliyomo. Kamati inayotoa kibali nje ya mpango uliopitishwa inatoa mali isiyo yake, na mkutano una haki ya kuihoji na kuibadilisha.

Halmashauri ya Wilaya ina kazi tatu. Kwanza, hutoa ushauri wa kitaalamu kupitia maofisa misitu, wanyamapori, nyuki na ardhi. Pili, Baraza la Madiwani huidhinisha sheria ndogo za kijiji. Bila idhini hiyo, katazo la kijiji ni makubaliano tu na faini yake inaweza kupingwa mahakamani. Tatu, hutunza rejesta ya misitu ya vijiji na kusaidia migogoro inayovuka mpaka wa kijiji kimoja. Baada ya miaka mitatu tangu msitu uandikishwe, kijiji kinaweza kuomba utangazwe katika Gazeti la Serikali, hatua inayouongezea ulinzi wa kisheria.

Msitu wa miombo ulivyo

Mpango mzuri huanza na kuufahamu msitu wenyewe. Miombo ni msitu unaovumilia. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha wiki kadhaa kabla ya mvua za kwanza huchipua majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, kana kwamba vilima vimewashwa taa. Miti yake mingi, ikikatwa, haifi. Kisiki huchipua upya. Ndiyo sababu eneo lililokatwa miti na kuachwa lipumzike hurudi kuwa msitu, na eneo lililong'olewa visiki na kulimwa mwaka hadi mwaka halirudi kwa urahisi.

Uvumilivu huo una mipaka. Chipukizi likiliwa na mbuzi kila msimu hubaki kichaka. Likiungua kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, hufa. Na miti kama mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Anayekata mninga mkubwa leo anatumia urithi wa babu; anayeulinda mche wake anamwekea akiba mjukuu.

Moto ndio adui anayeweza kuharibu kwa siku moja kazi ya miaka kumi. Sheria ya Misitu inakataza kuwasha moto wa kusafisha shamba au malisho bila kibali. Kibali si usumbufu wa ofisi. Kinahakikisha kwamba siku ya kuchoma inajulikana, majirani wameambiwa, njia ya kuzuia moto imesafishwa na watu wa kuuzima wapo. Moto wa mapema, wakati nyasi zingali na unyevu, huwa mdogo na hudhibitika. Moto wa mwishoni mwa kiangazi hupanda mpaka kwenye matawi.

Kugawa msitu kwa kazi zake

Msitu hauwezi kufanya kila kazi mahali pamoja. Kwa sababu hiyo, mpango wa usimamizi huugawa katika kanda. Chemchemi, kingo za mito na miteremko mikali kwa kawaida huwekwa katika kanda ya hifadhi kamili, ambako hakukatwi wala hakuchungwi. Mahali pa matambiko na makaburi ya wazee pia huweza kutengwa, ili mila na hifadhi zisaidiane badala ya kugongana. Maeneo mengine huruhusiwa kuni kavu, uyoga, matunda, dawa za asili na mizinga. Mengine hufunguliwa kwa malisho ya msimu, na mengine kwa nguzo za kujengea kwa kibali.

Mipaka ya kanda hizo ndiyo mahali penye ubishi, na ubishi huo ni wa haki. Kufunga bonde kwa mifugo kwa miaka mitatu ni jambo jepesi kwa mwenye duka na zito kwa mwenye ng'ombe. Kukataza kuni mbichi ni jambo jepesi kwa mwenye jiko la gesi na zito kwa mama anayeishi mbali na mahali penye kuni kavu. Mpango ulioandikwa bila kuwasikiliza wanaobeba uzito huo utavunjwa usiku na watu walionyamaza mchana. Ni heri mkutano uchukue siku nzima na kuahirishwa, kuliko kupitishwa kwa saa moja na kudharauliwa kwa miaka kumi.

Kila kijiji kina orodha yake ya yanayoruhusiwa. Mkazi asichukue desturi ya kijiji jirani kuwa ndiyo sheria ya kwake. Nakala ya sheria ndogo hutunzwa ofisi ya kijiji, na kuisoma ni haki ya kila mkazi.

Wanyamapori na ndege

Msitu unaopumzika hujaa viumbe. Nyuki huja kwanza, kwa kuwa miombo hutoa maua mengi kwa msimu. Ndege aitwaye mlembe, anayejulikana kwa kumwongoza binadamu hadi penye mzinga ili naye ale nta na masega, ni mfano mzuri wa faida ya pande mbili kati ya watu na msitu. Mizizi ya miti ya miombo huishi pamoja na kuvu, na kuvu hao ndio wanaotupatia aina nyingi za uyoga mvua zinapoanza. Popo na ndege husambaza mbegu. Bundi na nyoka hula panya ambao wangekula nafaka ghalani.

Ukweli mwingine usifichwe: nyani, ngedere na nguruwe pori nao hunufaika, na shamba linalopakana na msitu ndilo linalolipa gharama. Mahindi ya jirani wa msitu yasilinde starehe ya mkazi wa katikati ya kijiji. Vijiji vinaweza kupunguza hasara hiyo kwa kupanga zamu za kulinda mashamba ya mpakani wakati wa mavuno, kwa kuacha ukanda mweupe uliosafishwa kati ya shamba na msitu, na kwa kuweka mizinga ya nyuki mpakani. Kwa wanyama waliotajwa katika kanuni, Serikali hutoa kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Malipo hayo yanategemea taarifa iliyotolewa mapema, kabla uharibifu haujafutika, kwa hiyo mkazi atoe taarifa ofisi ya kijiji mara moja.

Ikumbukwe pia kwamba kumiliki msitu si kumiliki mnyama. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, uwindaji bila kibali ni kosa hata ndani ya msitu wa kijiji, na Kamati ya Maliasili haina mamlaka ya kuruhusu mtego.

Matembezi, masomo na mapumziko

Msitu si kuni na mbao tu. Ni kivuli na utulivu, na ni mahali ambapo mtoto hujifunza majina ya miti kabla majina hayo hayajabaki vitabuni. Mkazi kutembea katika njia zilizo wazi za msitu wa kijiji chake ni sehemu ya faida ya kuutunza. Shule zinaweza kupanga masomo ya mazingira humo kwa kuwasiliana na ofisi ya kijiji. Wazee wanaojua dawa na matumizi ya miti ni walimu ambao mshahara wao ni kusikilizwa. Vijiji vinashauriwa kuwaalika kabla maarifa hayo hayajazikwa.

Njia za matembezi zipite mbali na chemchemi na na mahali pa matambiko, na zisipite penye mteremko mkali, kwa kuwa njia inayoteremka moja kwa moja hugeuka korongo mvua zinaponyesha. Taka zirudi na aliyezileta. Wageni kutoka nje ya kijiji waripoti ofisini kwanza. Kijiji kikitaka kutoza wageni ada, kiwango hicho kipitishwe na kuandikwa katika sheria ndogo, na stakabadhi itolewe.

Fedha za msitu

Sheria ya Misitu inakipa kijiji haki ya kubaki na mapato yanayotokana na msitu wake wa hifadhi, yakiwamo ada za vibali na faini. Haki hiyo inaambatana na wajibu wa kufuata mpango wa usimamizi, mpango wa uvunaji na taratibu za vibali vya mazao ya misitu.

Mifano ya nchini inaonesha kwamba uvunaji wenye mpango na hifadhi vinaweza kwenda pamoja. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 uthibitisho wa Baraza la Usimamizi wa Misitu Duniani kwa mpingo unaovunwa katika misitu yao. Ni mti ambao hutumika kutengeneza klarineti na ala nyingine za muziki zinazopigwa mbali na Kilwa. Wilayani Kilosa, mradi ulioanza mwaka 2012 ulivisaidia vijiji kuvuna mkaa katika vitalu vidogo vya mita 50 kwa 50, vikipishana na vitalu visivyoguswa, na kitalu kilichovunwa kikipumzishwa kwa miaka 24 ili visiki vichipue. Kila msitu una hali yake, na vilima vyenye vyanzo vya maji haviwezi kuvunwa kama tambarare. Somo linalofaa kila mahali ni kwamba kijiji kiamue kwa hesabu ya kile msitu unachoweza kurudisha, si kwa bei ya gunia barabarani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la msitu linapaswa kuonesha kila kibali, kila faini, kila stakabadhi na kila shilingi iliyotumika. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila robo ya mwaka, na taarifa hiyo isomwe hapo. Iwapo haikusomwa, mkazi yeyote ana haki ya kuiomba.

Mahali utaratibu unapovunjika

Misitu ya vijiji haivunjiki kwa shoka peke yake. Dalili za kwanza huonekana ofisini na mkutanoni kabla hazijaonekana mlimani.

Dalili ya kwanza ni faini zinazowapata wanyonge tu. Siku mjane atakapotozwa faini kwa mzigo wa kuni, na lori la magogo likapita usiku bila kuulizwa, wanakijiji hawatakuwa na sababu ya kuheshimu mpaka. Dalili ya pili ni kamati inayokaa madarakani bila kuchaguliwa upya wala kutoa taarifa. Ya tatu ni vijana wa doria wanaoachwa bila buti, bila posho na bila shukrani. Anayelinda mali ya wote kwa gharama yake mwenyewe hatimaye huchoka, au hununuliwa. Ya nne ni mashamba yanayosogea hatua tatu kila msimu kuelekea msituni. Hatua tatu hazionekani kuwa kosa kubwa. Miaka kumi ya hatua tatu ni ekari.

Sababu iliyo nyuma ya dalili hizi mara nyingi ni moja: watoto wameongezeka na ardhi haikuongezeka. Haifai kuwalaumu vijana wanaotafuta pa kulima. Lakini pia msitu ukigawanywa leo, utawatosha kwa kizazi kimoja, na kizazi kinachofuata kitakosa shamba, kuni na maji kwa pamoja. Suala hilo lijadiliwe waziwazi katika mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, si kuachiwa lijiamulie lenyewe mpakani.

Mkazi afanye nini

Kwanza, ahudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji. Uamuzi juu ya msitu hauwezi kuzidi akidi iliyoufanya.

Pili, aombe kuona mpango wa usimamizi, ramani ya kanda na sheria ndogo. Iwapo mpango umepitwa na wakati, apendekeze mkutanoni ufanyiwe mapitio. Kijiji kiandike barua kupitia Ofisa Mtendaji wa Kijiji na wa Kata kuomba msaada wa Ofisa Misitu wa Wilaya.

Tatu, alipie kibali na kudai stakabadhi. Malipo bila stakabadhi hayaingii kijijini, huingia mfukoni.

Nne, atoe taarifa ya moto, ukataji au mitego kwa kamati au Ofisa Mtendaji wa Kijiji bila kusubiri. Taarifa ikipuuzwa, aipeleke kwa Ofisa Mtendaji wa Kata au kwa diwani wake.

Tano, ajitokeze au ampendekeze mwenzake kugombea ujumbe wa Kamati ya Maliasili. Wanawake, ambao ndio hasa wanaotafuta kuni na maji, wana ujuzi ambao kamati ya wanaume watupu haiwezi kuwa nao.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1994 vijiji viliambiwa vioneshe kwamba vinaweza, na vikaonesha. Jibu lile halikutolewa mara moja kwa niaba ya vizazi vyote. Hutolewa upya kila robo ya mwaka, daftari linapofunguliwa mbele ya mkutano na mkazi akanyoosha mkono kuuliza.